Jina la Mwenye Alimukamata Koko Yangu

Mwaka ule njo tulikula moyo wa mungazi. Muntu wa muji wetu wa Kindu akisikia vile anajua ni mwaka gani, hana lazima ya kuuliza. Mbele tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila mawese. Kisha sombe bila chumvi. Kisha mapapai mabichi, tunayakata na kuyapika kama mboga, watoto wanaharisha na sisi tunasema afazali wako na kitu cha kuharisha. Kisha watu wakaanza kuangusha mingazi yenyewe, ile ile yenye ilikuwa inatupa mawese, ili wapate ule moyo mweupe wa juu. Ukiona muntu anakata mungazi wa lupango lake, wa uwanja wa nyumba yake mwenyewe, ujue hafikiri tena mambo ya mwaka kesho.

Wenye bunduki wa muji walikuwa ndani pamoja na sisi. Wenye bunduki wa pori walikuwa inje, pamoja na mashamba yetu. Mwanamuke akitoka kwenda kuchimba muhogo, wale wa pori walimwita mupelelezi wa muji. Akirudi na muhogo kichwani, wale wa muji walimwita bibi wa watu wa pori. Basi tulikaa ndani, tukakata mingazi.

Naandika mambo haya sababu ndugu yangu mudogo, tumbo moja na mimi, anatembea leo katika mutaa wa Kasuku na kanzu nyeupe, marashi yanamutangulia kama askari, na anasema sisi si watu wa udongo huu. Anasema sisi tulikuja kutoka pwani. Yeye! Maji makubwa yenye amewahi kuona ni muto wetu Lualaba, na hata Lualaba yenyewe hajui kuogelea.

Majina ya watu sitayaandika, hata jina letu la ukoo. Wenyewe wanajijua, na Kindu si kubwa. Mimi nilisoma kidogo tu, mpaka baba aliposema inatosha, kusoma kwa musichana kumemaliza kazi yake. Mwenye atacheka maandiko yangu acheke. Nimezika mume, nimelea watoto na wajukuu, sina tena nafasi ya kuogopa kicheko.

Mambo yalianza wakati ndugu yangu alipoacha kazi kwa reli. Alikuwa mufanyakazi wa reli maisha yake yote, na muntu wa reli akikaa nyumbani bila garimoshi la kungojea, anakuwa hatari. Mujukuu wake iko Ulaya. Yule kijana, Mungu amusamehe, siku moja alimupigia simu akamuuliza (kwetu babu na bibi wote tunawaita koko): “Koko, jina letu si la hapa. Nimelitafuta kwenye internet. Liko Zanzibar, liko mpaka Omani. Sisi ni akina nani?”

Swali zuri. Angeniuliza mimi, ningemujibu mbele chai haijapoa. Lakini hakuniuliza. Aliandikia watu wa kule wenye jina kama letu, watu wengi, na mumoja kati yao alimujibu na picha ya moyo mwekundu. Ni hayo tu. Hakuandika neno. Juu ya ule moyo mwekundu ndugu yangu amejenga ukoo muzima.

Kisha akaanza kile anachoita utafiti. Nimekiona kwa macho yangu, nakieleza ili mujue. Anaingia kwa muzee fulani, mwenye haoni vizuri na hasikii vizuri. Anaweka mbele yake sukari na majani ya chai. Anafungua telefone ili inase sauti. Kisha anauliza: “Muzee, si kweli kama babu yetu alizaliwa na yule bwana mukubwa wa pwani, mwenye jina kama letu?” Muzee anaangalia sukari. “Kweli,” anasema. Ndugu yangu anafunga telefone, anatoka, anakwenda kwa muzee mwingine na sukari ingine. Hivyo njo utafiti wake. Kama angeuliza kama babu yetu alizaliwa na Gavana, kwa ile sukari wangesema kweli vile vile.

Alikwenda mpaka kule mabwana wa pwani walijenga zamani, akakuta kaburi la mawe katika majani, halina maandishi, halina mwenyewe. Akakaa juu yake kama muntu anakaa juu ya kiti cha kinyozi, akapigwa picha. Akaituma Ulaya: “Babu yetu.” Mimi nilimuuliza: “Nani alikuambia ni yeye?” Akanijibu mimi dada yake mukubwa: “Yaya, moyo wangu ulipiga.” Kupanda kilima kile juani, na ule mwili wake, ungekosa kupiga?

Mwisho akalipa kijana mumoja wa kuandika matangazo, akamutengenezea bandaroli, kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani: muti wa ukoo. Juu kabisa iko yule bwana wa pwani, kilemba, ndevu, macho ya kuamuru. Ule uso najua ulitoka wapi. Ulitoka kwenye mufuko wa muchele wa kigeni, ule wenye picha ya muzee wa kilemba, nimeubeba kichwani mara nyingi. Chini yake kuna musitari, na kwenye musitari iko babu yangu, imeandikwa kama mutoto wake. Pembeni ya babu iko koko yangu, mama ya baba yetu, mwanamuke mwenye alinilea. Wamemuvalisha shungi. Wameandika kama yeye pia alitoka pwani, bibi wa ndoa.

Nilisimama mbele ya ile bandaroli muda murefu. Koko yangu hakuvaa shungi hata siku moja. Alikuwa anafunga kichwa na kipande cha kikwembe cha zamani, fundo mbele, kama muntu anataka kupigana.

Ndugu yangu alikuwa na sababu ya haraka. Hapa kwetu jamaa zenye majina ya pwani ziko na mukubwa wao. Kwa arusi anakaa mbele, kwa kilio anakaa mbele, serikali ikiwa na neno inamwita yeye. Yule wa zamani alikuwa amekufa, na kiti kilikuwa wazi. Ndugu yangu alikitaka kile kiti kama mutoto anataka titi. Lakini zile jamaa si wajinga. Zilisema: kila mwenye kutaka kiti, muzee wa nyumba yake asimame mbele ya watu wote, aseme nyumba ilitoka wapi. Bila neno la muzee, hakuna kiti. Sasa kwetu wazee wamekwisha wote. Nimebaki mimi.

Basi akaja kwangu. Alikuja na sukari! Nikaiangalia, nikamuangalia.

“Yaya,” akasema, “ni maneno machache tu.”

“Hata matusi ni maneno machache. Sema.”

“Utasema babu alikuwa mutoto wa yule bwana. Mutoto wa kumuzaa. Na koko utasema alikuja pamoja naye kutoka kule.”

“Kule wapi?”

“Pwani.”

“Na zile chanjo za tumbo lake, chale za kwao, zile tulikuwa tunazigusa tukiwa watoto, alichanjwa na samaki wa bahari?”

Akacheka kidogo, kicheko cha muntu mwenye anataka kitu. “Yaya, na wewe! Nani ataangalia tumbo la marehemu?”

“Mimi niliangalia. Na wewe uliangalia. Wewe njo ulikuwa unalala juu yake.”

Nikapika chai na sukari yake mwenyewe, nikamupa akunywe.

Niseme sasa ukweli, niuseme mara moja, sababu hakuna bandaroli yake.

Yule bwana wa pwani hakumuzaa babu yangu. Alimununua, ao alimukamata, babu mwenyewe hakujua, alichukuliwa mudogo sana. Hata kwao hakukujua. Bwana akamupa jina lake, namna muntu anachora alama kwenye mufuko wake wa mupunga usibadilishwe kwa mashini ya kukoboa. Ilikuwa desturi: mutumwa wa nyumba anabeba jina la bwana, watoto wake wanalibeba, wajukuu wanalibeba, na kila wanavyolibeba linazidi kuwa kama lao. Koko yangu alikamatwa akiwa musichana wa matiti madogo, upande wa Kibombo, akaletwa kwa nyumba ile ile, akapewa babu. Wakamuzaa baba. Jina letu ni hilo. Nililibeba kwa kuzaliwa, sina haya nalo. Lakini kubeba jina la muntu hakukufanyi kuwa mutoto wake. Mimi nakumbuka, nilipokuwa mudogo, kwa kila kilio cha ile nyumba kubwa mama alikuwa anaitwa. Haitwi kulia. Anaitwa kutwanga. Na sisi watoto tulikuwa tunapewa ukoko wa chini ya sufuria, wenyewe wamekwisha kula wali. Ndugu yangu alipenda sana ule ukoko. Alikuwa anaukwangua na kijiko mpaka sufuria inalia. Leo anasema zile zilikuwa karamu za baba zake wadogo.

Koko alikamatwa namna gani, alinieleza mwenyewe, na alinieleza akiwa na miguu ndani ya maji.

Wakati wa kiangazi wanawake wanafunga kijito kwa udongo na matawi, wanamwaga maji kwa vibuyu na mabakuli mpaka samaki wanabaki wanaruka katika matope. Kila mwanamuke wa jimbo letu la Maniema anajua kazi ile. Lakini kwao koko walikuwa na yao: kila mwanamuke anaanza kazi akiwa na jani katikati ya midomo. Hakuna kusema neno, hakuna kucheka, hata ukikanyaga mwiba, mpaka samaki wa kwanza atoke. Mwenye kuangusha jani ameharibu siku ya wote, na watamuchamba mpaka kiangazi kingine. Koko alinifanyisha vile vile hapa, kwa vijito vya inje ya muji. Wanawake wengine walitucheka: “Angalieni mbuzi wawili wamesahau kutafuna!” Koko hakuwajibu. Jani lilikuwa mudomoni.

Siku ile, akaniambia, walikuwa wote ndani ya maji, mama yake, shangazi zake, wasichana. Aliona majani yanafunguka ukingoni. Aliona watu. Aliona bunduki. Na hakupiga kelele. Mama yake hakupiga kelele. Hakuna mwanamuke alipiga kelele. Samaki wa kwanza hakutoka bado. Kile kitambo kidogo cha kujiuliza kama neno linaruhusiwa njo kilitosha. Wanaume walikuwa shambani, si mbali, sauti moja ingewafikia. Mpaka uzee wake koko alikuwa anatema mate chini akieleza: “Tulikamatwa kama kuku, na majani midomoni.”

Ule mwaka wa kukata mingazi, mungazi wetu wa mwisho ulipokwisha, nikamuambia ndugu yangu: “Twende kwao koko.” Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, watoto walikuwa ngozi na macho. Koko, mbele ya kufa kwake, alinipa jina la kijito na njia ya kukifikia, alikuwa anayarudia kama muntu anarudia sala.

Ndugu yangu akakunja uso. “Kwa washenzi?”

“Kwa washenzi,” nikasema. “Ao baki hapa ukule jina lako.”

Akaja. Tulifuata njia ya reli, yeye na muke wake, mimi na watoto wangu, sababu garimoshi lilikuwa limekufa na majani yameota katikati ya vyuma. Haki yake nampa: njia ile aliijua. Alijua kila daraja, alijua mahali watu wanajificha. Mpaka karibu na Kibombo alikuwa mwanaume. Kisha tukaacha reli, tukaingia pori, na pale akawa muzigo. Kila jani likitikisika anashika kikwembe changu.

Tulifika kijijini watu wanapika. Mwanamuke mumoja muzee alikuwa ameketi mbele ya moto, chungu cha wali kiko wazi, mvuke unapanda, watoto wangu wakasimama kama wamepigwa na usingizi. Wanaume wakatuzunguka na mapanga. Hawakuwa wabaya. Vita vilikuwa vimewafundisha. Mumoja akauliza: “Nyinyi ni watu wa nani?”

Sasa musikilize kosa la ndugu yangu. Kindu, jina letu lilikuwa linafungua milango. Watu wanaposikia wanasema karibu, keti, huyu ni mungwana. Yeye akafikiri mulango ni mulango. Akaweka kofia sawa, akatoa kifua, kile kifua cha njaa, akalitaja lile jina mbele ya watu wale, kwa sauti ya muntu wa arusini.

Yule mwanamuke muzee akachukua kifuniko, akafunika chungu.

Katika maisha yangu sijasikia maneno makali kama kile kifuniko.

Mwanaume wa panga akasema polepole: “Hiyo jina tunaijua. Wazee wetu waliisikia siku moja tu. Ilitosha.”

Ndugu yangu akarudi nyuma yangu, mwanaume muzima, muke wake anaangalia. Basi nikasema mimi: “Baba, hiyo ni jina ya mwenye alituchukua. Sisi ni watoto wa mwenye alichukuliwa.” Nikawaeleza kijito. Nikawaeleza majani midomoni. Nikawaeleza namna hakuna mwanamuke alipiga kelele, sababu samaki wa kwanza hakutoka bado.

Wanaume wakamuangalia yule muzee. Hakuinua macho. Alikuwa anapanga kuni, moja hapa, moja pale.

“Na juu ya ukingo,” akaniuliza, “nani alisimama siku ile? Musichana wa nani?”

Nikatafuta kichwani. Koko hakuniambia musichana. Nikaogopa, nikafikiri nimesahau kitu, na watoto wangu watakufa kwa kusahau kwangu. Lakini sikuongeza kitu. Nikasema: “Mama, juu ya ukingo hakukuwa muntu. Wote walikuwa ndani ya maji.”

Akainuka. Akafunua chungu.

“Ni vile,” akasema. “Tangu siku ile njo tunasimamisha mumoja juu, bila jani, awe na mudomo wake. Muntu mwenye alituona sisi wa leo angesema: musichana wa fulani alisimama. Huyu amesikia kwa mwenye alikuwa mule majini.” Kisha akanitukana, matusi ya mapendo, sababu tumekawia kurudi, na akaanza kupakua.

Tulikaa kwao mpaka vita vilipopoa na watu wakaanza kusema garimoshi litatembea tena. Walitupa shamba la mupunga. Walitupa mahali pa kujenga. Muke wa ndugu yangu alizaa kule, na mutoto yule alipakwa mafuta na mikono ya yule muzee. Na ndugu yangu, huyu wa kanzu nyeupe, alikuwa anapiga magoti mbele ya yule mwanamuke kila asubui, anamwita mama. Wageni wakipita na kumuuliza jina, alikuwa anajibu, nimemusikia kwa masikio yangu: “Mimi ni mutoto wa hapa. Lile jina lingine ni la mwizi, tulivalishwa tu.” Sikumuomba aseme vile. Hata mimi nilisema, ndugu yangu, punguza, wamekwisha kutukubali. Lakini yeye kama iko kwa watu, anakuwa watu wale zaidi yao wenyewe.

Yule muzee amekwisha kufa. Mutoto wake mwanamuke iko, na kila wakati wa mavuno anakuja Kindu na muchele wake kuuza sokoni. Analala kwangu. Ananiita yaya, na ndugu yangu anamwita kaka. Siku ile ya sukari na chai, nikamuuliza ndugu yangu: “Yule dada yako wa muchele, nikisema koko alitoka pwani, yeye atakuwa nani kwetu?”

“Yaya, yule hatajua. Hawezi kusoma bandaroli.”

Alisema vile. Nimeandika vile alisema, sikuongeza neno. Amekula chungu cha mama yake, amezaa mutoto juu ya mukeka wao, na sasa anashukuru Mungu kwamba dada yake huyo hawezi kusoma.

“Toka na kikombe chako,” nikamuambia. Hakutoka. Akabembeleza. Akasema ni kwa heshima ya watoto. Akasema mujukuu wa Ulaya amekwisha kuandikia watu wa Omani, watakuja. Akasema hata dini yetu ilitoka pwani. Hapo nikakasirika kweli. Dini ni ya Mungu, haikuzaliwa katika kiti chake, na koko yangu aliswali mpaka magoti yake yakawa meusi, bila kuona bahari. Alipokwisha maneno yote akaondoka akisema: “Najua utakuja. Wewe ni yaya yangu.” Mimi njo nilimubeba mugongoni akiwa mutoto, nikamubeba tena akiwa baba ya watoto. Anafikiri mugongo ni wake.

Nilikwenda. Nilitaka wanione nimefika.

Walikuwa wamefunga hema katika lupango lake, viti vya plastiki, mikro ya kusemea yenye kupiga miluzi, sufuria zinachemka nyuma ya nyumba. Ile bandaroli ilitundikwa ukutani, yule muzee wa mufuko wa muchele anatuangalia wote. Muzee mwenye kuongoza mambo alikuwa wa ile nyumba kubwa yenyewe, mujukuu wa kweli wa yule bwana wa pwani. Muntu mupole, kanzu yake imechakaa kwenye mikono. Wale wa kweli hawajipaki marashi sana.

Nilipotaka kuketi, nikamuona dada yetu wa muchele, yule mwanamuke wa Kibombo. Alikuwa amesikia kwamba kwa kaka yake kuna sherehe ya ukoo, akaleta mufuko muzima wa muchele, zawadi, akavaa kikwembe chake kizuri. Na ndugu yangu alikuwa amemupeleka nyuma, kwa wapishi. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anapepeta ule muchele wake mwenyewe, anafurahi. Aliponiona akainua lungo: “Yaya, leo kaka anakuwa mukubwa!”

Nikamushika mukono. “Acha lungo,” nikamuambia. “Kuja uketi mbele.”

“Kaka alisema nisaidie hapa.”

“Kaka yako atasaidia mwenyewe. Iko na mikono.”

Tukapita katikati ya watu, mimi na yeye, nguo zake na vumbi la pumba, mpaka musitari wa mbele. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, chenye waliniwekea mimi. Nikamuketisha pale. Nikabaki nimesimama. Ndugu yangu aliona, nikaona jasho linashuka kutoka kwenye kofia yake mupya, lakini mikro ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Yule muzee mupole akasoma muti, kutoka juu mpaka chini, bwana wa pwani, mutoto wake, bibi wa mutoto wake kutoka pwani, na kuendelea. Kisha akanigeukia. “Mama,” akasema, “wewe njo muzee wa nyumba hii. Kijana wetu anaomba kiti. Uwaambie watu kama nyumba yenu ilitoka hivi vile imeandikwa.”

Ndugu yangu akanitolea macho yale ya utotoni, yale ya kuomba ukoko. Yule mwanamuke wa Kibombo alikuwa anatabasamu, anangojea kumupigia kaka yake makofi.

Nikasema: “Sitasema vile. Muniondoe kwenye muti wenu, mimi na koko yangu.”

Kelele ndogo ikapita katika viti. Ndugu yangu akacheka ndani ya mikro, kile kicheko chake. “Musamehe yaya,” akasema, “jua ni kali, na masikio ya uzee munayajua.” Kisha akanikaribia, akaweka ile mikro karibu na mudomo wangu, akasema polepole, lakini watu wote wakasikia: “Yaya, nakuomba. Labda hukusikia swali vizuri. Muzee arudie?”

“Nilisikia,” nikasema. “Na wewe sikia. Sitasema vile. Muniondoe kwenye muti wenu, mimi na koko yangu.”